Maiki ya Pili

Mume wangu Wabuge alinipigia simu Jumanne saa nne asubuhi nikianika nepi. Nilijua kuna jambo, kwanza kwa sababu yeye hupiga jioni baada ya kula, na pili kwa sababu aliuliza habari ya ng'ombe. Sisi hatuna ng'ombe.

"Ng'ombe gani?"

"Si wale wa jirani. Bado wanaruka ua wakija kwa mahindi yetu?"

"Baba Maxi, sema kile umepiga kusema."

Nikasikia kengele ya baiskeli mahali alipokuwa. Uholanzi baiskeli zimejaa kama vile bodaboda zimejaa hapa Yamumbi.

"Hanneke amepata msichana," akasema. "Wa kujibu."

Nepi niliyoishika ilikuwa haijakamuliwa vizuri. Nilisimama nayo pale mpaka maji yakaingia kwenye kiatu.

Lazima nieleze hilo neno, kujibu, maana asiyejua anaweza kudhani ni kitu kidogo. Mimi na mume wangu tunaimba nyimbo za Kibukusu. Yeye anapiga litungu, ile ala ya nyuzi saba, na anaita. Mimi navaa njuga miguuni na ninajibu. Anayeita anaweza kuita peke yake siku nzima, lakini huo si wimbo, ni mtu anayelalamika. Wimbo unaanza akijibiwa.

Na ndivyo tulivyojuana. Ilikuwa harusi ya watu huko Kiplombe, mimi nimeitwa kusaidia jikoni. Nje kwenye hema kulikuwa na kijana anapiga litungu, na yule aliyepaswa kumjibu hakufika. Akaita mara ya kwanza, kimya. Akaita mara ya pili, wageni wakaanza kucheka. Mara ya tatu nilijibu kupitia dirisha la jikoni, mwiko wa chai bado mkononi. Hema nzima iligeuka kutafuta sauti inatoka wapi. Miezi minane baadaye tuliimba kwenye harusi yetu wenyewe, kitu ambacho mama yangu hajasamehe mpaka leo, kwamba bibi harusi alijitumbuiza.

Tuliimba harusi, matanga, sherehe za watoto kutoka jandoni. Mgeni mmoja akaturekodi na simu, video ikasafiri, ikamfikia huyo mama Mholanzi, Hanneke, ambaye kazi yake ni kupeleka wanamuziki kwenye matamasha wakati wa kiangazi chao. Miaka mitatu mfululizo tulitoka mwezi wa sita tukarudi mwezi wa tisa. Tuliimba kwenye mahema, kwenye bustani, kwenye kanisa ambalo halisaliwi tena, na mara moja kwenye nyumba ya wazee ambapo bibi mmoja alinishika mkono akakataa kuuachilia mpaka muuguzi akaja. Mabango yaliandika "Wabuge na Nekoye". Steji yetu ilikuwa na maiki mbili. Yake iko chini kidogo kwa sababu hukaa kwenye kigoda, na yangu iko juu, upande wake wa kushoto.

Huu mwaka wa nne sikwenda. Maximilla alizaliwa Januari, na siku ya kwenda kuomba viza ilipofika mtoto hakuwa hata na cheti cha kuzaliwa, sembuse pasipoti. Nilimwambia Wabuge aende. Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kitandani na mtoto akinyonya. Wakakubaliana na Hanneke kwamba ataimba peke yake, zile nyimbo ambazo zinaweza kuvumilia bila jibu.

"Haziwezi kuvumilia," Wabuge akaniambia sasa. "Watu wanapiga makofi ya huruma. Hanneke anasema wanauliza yule mama yuko wapi. Sasa huyu msichana anaitwa Ashley, mamake ni wa huko nyumbani, lakini yeye amezaliwa hapa. Ana sauti. Lakini hajui Kibukusu hata neno moja."

"Na mimi nafanyaje?"

"Umfundishe. Kwa simu. Umtumie sauti."

"Nimfundishe nafasi yangu."

"Nekoye, ni ya miezi miwili tu."

"Na mwaka ujao?"

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alianza na ng'ombe. Mume wangu hajui kudanganya, anajua tu kuzunguka. "Hanneke anasema," akasema polepole, "mkataba wa mwaka ujao utaandikwa kwa majina ya wale wawili ambao wataimba vizuri mwaka huu. Si mimi nasema. Ni yeye."

Mtoto akaamka ndani. Nikasema nitamfundisha, nikakata.

*

Mama Muigai ana duka hapo kando ya barabara, hatua thelathini kutoka mlango wangu. Jina lake ni Wangeci, ni mjane, na Kibukusu chote anachojua ni "mulembe", yaani amani, ambalo hulitumia kwa salamu, kwa kwaheri na kwa kufukuza mbuzi. Jumatatu na Jumatano nikienda masomo ya jioni kule Pioneer yeye ndiye hukaa na Maxi. Nilimsikilizisha ujumbe wa kwanza wa Ashley juu ya kaunta, kati ya mizani na mikate.

"Shikamoo dada Nekoye," sauti ikasema. "Mimi ni Ashley. Kiswahili yangu ni kidogo kidogo. Kibukusu yangu ni sifuri." Akacheka. "Wabuge anasema wewe ni mwalimu mkali."

"Haiya! Amekupa shikamoo?" Mama Muigai akauliza. "Kwani ameambiwa uko na miaka mingapi?"

"Ana adabu tu."

"Ana sauti pia. Imetoka kama asali." Akanitazama, akaona uso wangu. "Pole. Lakini imetoka kama asali."

Nilitaka iwe mbaya. Nasema ukweli. Nilikuwa nimemwomba Mungu huyo msichana awe na sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Tulianza. Nilichukua daftari langu la masomo ya jioni, nikaligeuza nyuma mbele, nikaandika majina ya nyimbo tisa. Kila asubuhi baada ya kumwogesha mtoto nilifunga mlango wa jikoni, maana hapo ndipo sauti haipigi mwangwi, nikaimba jibu mara mbili, mara ya kwanza polepole na mara ya pili vile lilivyo. Nilimwambia asijibu haraka, angoje uzi wa tatu utulie. Nilimwambia pale Wabuge anapoinua nyusi si kwamba amefurahi, anatafuta pumzi, kwa hivyo avute jibu kidogo mpaka aipate. Mambo hayo sikuwa nimewahi kuyasema kwa mtu. Hata sikujua kwamba nayajua.

Alinirudishia kila kitu kwa sauti yake, nami nikamsahihisha. Aliandika maneno vile anavyoyasikia na hakuuliza maana yake. Wiki ya pili alikuwa anapatia mpaka pale ninapokohoa kidogo kabla ya ubeti wa mwisho wa wimbo wa nne. Alikohoa pia.

Wakati mwingine nilizima simu nikakaa tu jikoni. Nyumba ya watu wawili wanaoimba ina kelele nyingi. Mmoja anaanza kitu akifunga viatu, mwingine anakimalizia akiwa bafuni. Sasa nilikuwa naanza kitu nikiosha vyombo na kinabaki hapo juu ya maji. Maxi alinitazama kwa macho ya babake. Naye ana miezi sita, angejibu nini.

Nyimbo nane ziliisha. Ukabaki wa tisa.

Huo ndio wimbo tunaofungia. Ndani yake mwanamume anasafiri, na mwishoni anaita, "Naenda, nani atafunga mlango?" Mwanamke anajibu, na baada ya jibu hilo litungu linafunga. Zamani mimi nilijibu vile wote hujibu, kwamba nitafunga mimi. Lakini mwaka wetu wa kwanza Uholanzi, mbele ya watu mia tatu waliokaa kimya na mikono magotini, ilinijia kwamba hakuna hata mmoja anayeelewa. Nikaimba, "Funga mwenyewe, soksi yako imetoboka." Wabuge nusura aanguke kwenye kigoda. Tangu siku hiyo jibu la mwisho likawa letu. Halifanyiwi mazoezi. Yeye hajui nitasema nini, na hunijibu kwa kidole chake: kama nimemchekesha anafunga kwa mbio, nyuzi zote saba, na kama nimesema kitu kizito anagusa ule uzi mnene mara tatu, polepole, basi. Kwa jibu hilo nilimwambia nimechoka na viazi vyao. Kwa jibu hilo nilimwambia babangu amelazwa. Na kwa jibu hilo, mwaka jana, nikiwa na gauni la njano mbele ya watu walioshika glasi za mvinyo, nilimwambia kwamba nina mimba. Aligusa ule uzi mara tatu, halafu akasahau, akafunga tena kwa mbio. Walidhani wimbo una miisho miwili.

Sasa niambie, hilo nalo unamfundisha mtu?

Ijumaa, siku moja kabla ya tamasha lao kubwa, Ashley akatuma ujumbe: "Dada, jibu la mwisho bado."

Nilikuwa nimeteleka maziwa kwenye meko. Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni. Nikabonyeza kile kipaza sauti kwenye simu, nikaimba sehemu ya Wabuge mimi mwenyewe, "Naenda, nani atafunga mlango?" Halafu nikafika mahali pangu. Nilikuwa nimeamua nitampa lile la zamani, nitafunga mimi, maneno mawili tu. Nikafungua mdomo. Hayakutoka. Nilisimama na kidole kwenye simu na macho ukutani, sijui kwa muda gani, na bado nilikuwa nimeshikilia ile sauti ya wimbo kooni, wakati nilipoona povu linapanda.

"Ngoja kidogo, maziwa yanamwagika!" nikasema kwa Kibukusu, na kwa sababu koo lilikuwa tayari limeshika wimbo, ilitoka nusu kama naimba.

Niliachilia simu nikimbilie meko. Na ukiachilia kidole, ujumbe unajituma wenyewe.

Maziwa yalikwenda yote. Nilipomaliza kupangusa na kumtuliza mtoto, ujumbe ulikuwa umeshasikilizwa. Ashley alikuwa amejibu kwa kopa moja jekundu.

Ningeweza kumwambia. Ilikuwa saa tano asubuhi, siku nzima iko mbele yangu, simu iko mkononi na ina chaji. Sikumwambia. Nilijiambia ataelewa mwenyewe. Nilijiambia atamwuliza Wabuge. Lakini nilijua hatamwuliza, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, wimbo wa kwanza, siku ya kwanza, kwamba jibu la mwisho anayeita hasikii mpaka steji.

*

Jumamosi saa kumi na moja jioni Mama Muigai alifunga nusu ya mlango wa duka, akaegemeza simu yake kubwa kwenye mkebe wa majani chai, kwa sababu waifai yake haikatikikatiki kama bando langu. Hanneke alikuwa akionyesha tamasha moja kwa moja. Mvua ilikuwa imetoka kuisha na bati lilikuwa bado linadondosha.

Nilimwona Wabuge. Amekonda. Alikuwa amevaa lile shati nililomshonea mfuko. Upande wake wa kushoto, kwenye maiki ya pili, alisimama msichana mrefu aliyesuka nywele mpaka kiunoni, na njuga miguuni.

"Hizo ni njuga zako?" Mama Muigai akauliza.

"Ni zangu."

"Mm." Akampokea Maxi mikononi mwangu.

Aliimba vizuri. Aliimba vizuri sana, Mungu ambariki. Aliungoja uzi wa tatu utulie. Wabuge alipoinua nyusi, alivuta. Wimbo wa nne akakohoa. Mama Muigai alitikisa mguu akajisahau, akasema, "Huyu akirudi mwaka ujao watajaza uwanja," halafu akafunika mdomo. Nami nilikuwa nahesabu nyimbo kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Wa tisa ukafika. Wabuge akainama kwenye litungu, akaita. Sauti yake ya mwisho wa onyesho huwa na mchanga kidogo. "Naenda, nani atafunga mlango?"

Ashley akanyamaza. Alinyamaza kwa muda uleule nilionyamaza jikoni, maana hata hilo alilishika. Halafu akainua uso na kuimba kwa moyo wake wote, kwa Kibukusu safi, "Ngoja kidogo, maziwa yanamwagika!"

Vidole vya Wabuge vilisimama.

"Amesema nini?" Mama Muigai akauliza. "Mbona bwanako amekuwa hivyo? Amemtukana?"

"Amesema maziwa yanamwagika."

"Maziwa gani?"

"Yangu. Ya jana."

Hakufunga kwa mbio. Hakugusa ule uzi mnene. Aligeuka akatazama maiki ya pili, si msichana, maiki, na mtu akimtazama angedhani ameona mtu amesimama hapo. Kisha akafanya kitu ambacho wimbo huo haujawahi kuwa nacho. Akajibu. Aliimba bila litungu, kama vile huimba kutoka bafuni, "Zima meko, Mama Maxi. Zima, nakuja." Akarudia, "Zima, nakuja," na mara ya tatu sauti ikamkatikia.

Watu wakasimama wote. Wakapiga makofi, wengine wanafuta macho, hawajui wanalilia nusu lita ya maziwa ya Yamumbi.

"Nimezima," nikasema. Nilisema kwa sauti, kwa simu iliyoegemea mkebe wa majani chai. "Baba Maxi, nimezima."

Mama Muigai hakucheka. Aliinuka akafungua ile nusu ya mlango, akaniacha niangalie picha mpaka ikawa nyeusi.

*

Jumapili Wabuge alipiga nikitoka kanisani. Nilimwambia kabla hajaniuliza.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua Ashley ataimba hivyo na sikumwambia. Niliacha makusudi. Nilitaka aanguke kidogo."

"Na maziwa yalimwagika kweli?"

"Yote."

"Nilijua ni kweli. Hiyo sauti yako ya meko naijua. Nekoye, miaka mitatu nilikuwa nasema nyumbani ni mahali popote tukiwa wawili. Sasa kila usiku nafungua mlango wa hoteli na kadi, taa inawaka yenyewe, na hakuna mtu wa kuniuliza mbona nimechelewa. Nilipotea pale steji. Nilidhani niko jikoni."

Nilisimama kando ya barabara na Biblia kwapani, bodaboda zinanipigia honi.

"Hanneke amefurahi vibaya sana," akaendelea. "Anataka tuimbe hivyo kila siku. Anauita wimbo wa maziwa."

"Hapana."

"Amesema ataandika hata kwenye bango."

"Baba Maxi, maziwa yalimwagika mara moja. Hayawezi kumwagika kila Jumamosi." Nilishangaa jinsi nilivyosema, bila hasira, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kuandika. "Nyimbo nane ni za Ashley mpaka urudi. Anaziweza, na mimi ndiye nilimpa. Ya tisa utaita, halafu utangoja. Yeye arudi nyuma hatua mbili. Maiki ya pili ibaki bila mtu. Ngoja vile ungeningojea mimi, halafu ufunge."

"Watadhani maiki imekufa."

"Wacha wadhani."

"Na Hanneke je?"

"Hanneke akiuliza ni nafasi ya nani, mwambie. Una mdomo. Tena mdomo wenyewe unalipwa kuimba."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwezi wa sita.

Ashley naye nilimpigia siku hiyohiyo nikamweleza kila kitu, na sehemu ya makusudi pia. "Ni maziwa tu?" akauliza. "Dada, mimi nimefanya mazoezi siku mzima! Mbele ya kioo! Nimelia!" Halafu akacheka mpaka nami nikacheka. Mwishoni akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mamake hakumfundisha lugha yoyote ya kwao, na kwamba hata kama ni maziwa, hilo ndilo jambo la kwanza la nyumbani alilowahi kusema na watu wakaelewa. Nilimwambia hawakuelewa. "Wabuge alielewa," akasema.

Jumatatu nilimbeba Maxi mpaka mjini, studio ya picha. Ya pasipoti inataka mtoto afungue macho, afunge mdomo, na nyuma kuwe kweupe. Tulikaa saa nzima. Macho yakifunguka, mdomo unafunguka.

*

Jumamosi iliyofuata tulikaa tena mbele ya mkebe wa majani chai. Nilikuwa nimeandika majibu manne kwenye daftari, nikayakata yote.

Nyimbo nane. Ashley aliziimba, na safari hii nilizisikia kama nyimbo. Kisha akainama kidogo kwa watu, akarudi nyuma hatua mbili gizani. Maiki ya pili ikabaki peke yake kwenye mwanga, urefu wake ni ule wangu, hakuna aliyeishusha.

"Naenda, nani atafunga mlango?"

Kimya. Simu huonyesha mambo yakiwa yamechelewa kidogo, kwa hivyo sikujua kama nawahi ama nimeshachelewa. Huenda pale kwao alikuwa ameshafunga na wanakunja nyaya. Nilifungua mdomo na kitu kilichotoka hakikuwa kwenye daftari. Niliimba, dukani kwa Mama Muigai, mteja mmoja amesimama na chupa ya mafuta taa, "Mlango uko wazi, mtoto ana meno mawili!"

Wabuge alikuwa ametazama chini. Alingoja. Alingoja mpaka watu wakaanza kusogeasogea kwenye viti. Halafu akagusa ule uzi mnene. Mara tatu, polepole.

"Mulembe," Mama Muigai akasema, taratibu, na kwa mara ya kwanza alikuwa amelitumia vizuri.

Ujumbe wa Wabuge uliingia asubuhi nikimlisha mtoto uji. "Ulijibu nini? Nimecheza ya polepole. Nilipatia?" Chini yake kulikuwa na mwingine. "Hanneke aliniuliza hiyo maiki ni ya nani. Nikamwambia. Akakaa, akafikiri, akasema karatasi za mtoto zimfikie kabla ya mwezi wa kumi na moja. Hajaahidi, Nekoye. Lakini ameandika jina lako kwa penseli, nimeona."

Nikabonyeza kipaza sauti, nikaangalia kwanza meko. Ilikuwa imezimwa.

"Hukupatia," nikamwambia. "Ilikuwa ya mbio. Nilisema mtoto ana meno mawili. Mwaka ujao utaniuliza nikiwa hapo upande wa kushoto, hutakisia tena."

Nilidhani atapiga. Hakupiga. Baada ya kama nusu saa ikaja sauti tu, bila neno. Nikasikia mlango wa hoteli, magurudumu ya sanduku la mtu yakipita kwenye kipito, kigoda kikiburutwa. Halafu nyuzi zote saba, kwa mbio, mpaka mwisho.

Nilimwekea Maxi sikioni. Alisikiliza ametulia kabisa, halafu akaishika simu kwa mikono miwili na kuing'ata kwa hayo meno yake.